Udongo Uliotengenezwa Juu ya Mawe: Siku Zangu za Kujitolea Wales

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu hamjambo. Wengi wenu mmeniuliza namna ya kupata nafasi ya kujitolea huku Ulaya katika miradi ya kilimo endelevu, nami nimeona vema nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu jibu la mstari mmoja lingewapotosha.

Nilijitolea karibu na mji mdogo wa Machynlleth, huko Wales, sehemu ya Uingereza, kwenye Centre for Alternative Technology (Kituo cha Teknolojia Mbadala), kituo kilichoanzishwa mwaka 1973 ndani ya machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa. Mawe hayo ni mabamba meusi ambayo watu wa huku huezekea nyumba, na wachimbaji walipoondoka waliacha vilima vya vipande vilivyovunjika, pasipo udongo wa kuotesha hata mchicha. Bustani mnayoiona nyuma yangu katika picha hizi imesimama juu ya vifusi hivyo. Udongo wake umetengenezwa na mikono ya watu, mwaka baada ya mwaka, kwa mboji.

Mboji ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Tulipanga tabaka la nyasi mbichi na maganda ya jikoni, kisha tabaka la majani makavu na maboksi yaliyochanwachanwa, kwa kuwa rundo lenye vitu vibichi vitupu hunuka na lenye vikavu vitupu halichemki. Asubuhi moja ya Januari, njia ikiwa imeganda barafu, nilichoma uma kwenye rundo na mvuke ukanipiga usoni. Kipimajoto chenye mshale mrefu kilisoma nyuzi 62. Joto la nyuzi 55 na zaidi likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa, lakini likikaribia 70 hata vijidudu vinavyoozesha huanza kufa, na hapo ni lazima rundo ligeuzwe. Kila kipimo kiliandikwa katika daftari pamoja na tarehe na kilichoongezwa siku hiyo.

Kituoni hapo pia kuna reli ya kupandia mwambani, iliyofunguliwa mwaka 1992, iliyojengwa iende kwa uzito wa maji: behewa la juu hujazwa maji, huwa zito, hushuka, na kwa kushuka kwake hulivuta la chini lipande. Nilipoiona niliikumbuka kwa uchungu pampu tuliyoletewa kijijini na wafadhili, iliyofanya kazi misimu miwili ikafa kwa kukosa mpira mmoja mdogo usiouzwa hata Songea. Tangu hapo, kila nikioneshwa chombo kipya, huuliza kwanza kipuri chake kinauzwa wapi na nani atakifunga.

Sasa kuhusu kuja. Kituo hicho kilifunga milango kwa wageni wa kutwa mwezi Novemba 2023, hivyo msije kwa kukitegemea. Mwenye viza ya matembezi Uingereza anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa. Anayetaka kukaa zaidi anahitaji viza ya kazi za hisani, ambayo haizidi miezi 12 na kazi yake haina mshahara. Atakayewadai fedha akiwaahidi mshahara kwa jina la kujitolea anawaibia, na ninawasihi sana msimpe. Fedha hizo zingewatosha kwenda Arusha kuona mitambo ya biogesi ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini.

Mimi ni mtoto wa Mbinga, nimekulia kwenye ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani. Baba alikuwa akifyeka nyasi, akaziacha zikauke na kuzilaza kwa mistari ya miraba, kisha mama akachimba udongo wa katikati ya mraba na kuzifunika, zikaozea chini ya maharage huku shimo likizuia maji ya mvua yasikimbie na mlima. Kanuni ni ileile ya Wales. Tulichokosa nyumbani ni kipimajoto na daftari.

Ndiyo maana mwaka jana nilimtumia kaka yangu kipimajoto cha aina ileile, naye akakichoma kwenye rundo la maganda ya kahawa, samadi ya ng'ombe na majani ya migomba. Siku ya nne kilisoma nyuzi 58. Daftari lake sasa lina kurasa tisa, na ameniruhusu niwaoneshe ya kwanza: hii hapa.