Risasi ya Nguruwe Pori: Chagua Kichwa Kabla ya Kaliba
Mhadhara kwa wakulima, askari wa wanyamapori wa vijiji na wamiliki wa silaha, Tanga mjini

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi. Nawashukuru nyote mliofika, hasa mliotoka Pangani na Mkinga alfajiri, na wenzetu wa Handeni.

Swali lililoletwa mbele yetu ni hili: raifoli ya kuwindia nguruwe pori iwe ya risasi gani? Najua wengi mnataka zitajwe namba, .308 au .30-06, mwende dukani. Namba nitazitaja. Ila wengi wanaojeruhi nguruwe na kumpoteza wanakuwa na namba nzuri tu mkononi, na tatizo liko kwenye kile kichwa cha risasi walichokinunua. Kwa hiyo tutaanza na mnyama, tuje kwenye kichwa, kisha ndiyo tufike kwenye kaliba, yaani kipenyo cha mtutu na risasi yake.

Maelezo mengi ya risasi za nguruwe yanayosambaa yanatoka Marekani. Nguruwe wa kule ni wa kufugwa walioingia porini, wengine wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya. Dume la kule likikomaa huota ngao chini ya ngozi ya mabega, tabaka nene na gumu, na ushauri wao mwingi umejengwa juu ya ngao hiyo. Huyu wetu anayefukua mihogo na kuangusha mahindi ni mnyama mwingine, Potamochoerus larvatus kwa jina la kitaalamu. Wengi wao wana kilo 60 hadi 80, na dume kubwa hupita 100. Ngiri naye ni mwingine tena, anatembea mchana, na kibali chake ni cha peke yake. Soma kibali chako kimemtaja nani.

Nguruwe pori hutoka usiku, na hapo sheria inatubana. Leseni ya silaha inatoka Polisi, kibali cha kuwinda kinatoka TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimpi mwindaji ruhusa ya kummulika mnyama kwa taa usiku, wala kumpiga kutoka kwenye gari, wala kumtegea sumu. Akivamia shamba usiku, taarifa iende serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kazi ya usiku ni yao. Wewe unabaki na saa ile kukishapambazuka na ile ya kabla jua halijazama, pembeni mwa shamba, kwenye katani iliyoachwa ikawa pori kule Muheza na Korogwe, au kwenye vichaka vya pwani. Humo hutapiga mita 200. Utapiga mita 20, 40, ukibahatika kupata uwazi labda 80. Umbali huo ndio unaoamua karibu kila kitu nitakachosema baada ya hapa.

Tumtazame nguruwe akisimama ubavu. Ana nywele ndefu mgongoni, na akishtuka zinasimama, kwa hiyo mgongo unaouona uko juu kuliko mgongo wenyewe. Moyo na mapafu yake yamekaa chini na mbele, katikati ya miguu ya mbele, mbele zaidi kuliko kwa swala. Mtu aliyezoea swala analenga nyuma ya bega, katikati ya urefu wa mwili anaouona, naye anapiga ama juu ya mapafu ama tumboni. Ile ya juu ndiyo inayodanganya zaidi. Risasi inagusa vile vifupa vinavyochomoza juu ya uti wa mgongo, nguruwe anaanguka papo hapo, mpigaji anashusha bunduki, halafu mnyama anainuka na kuondoka. Njia sahihi ni kufuata mguu wa mbele kutoka chini kwenda juu, na kusimama kwenye theluthi ya chini ya kifua. Lenga hapo, juu ya mguu wenyewe au kidole kimoja nyuma yake.

Ukilenga hapo, risasi inakutana na ngozi nene, nyama ya bega na mara nyingi mfupa. Inatakiwa ipite vyote hivyo na itokee ng'ambo. Tundu la kutokea ni muhimu kwa sababu mafuta na ngozi ya nguruwe huziba tundu dogo la kuingilia, na damu inabaki ndani. Anaweza kukimbia mita 80 katikati ya katani bila kuacha tone. Tundu la kutokea, tena likiwa chini, ndilo linalokuachia njia ya kumfuata.

Sasa risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ya kuwashia kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Kichwa cha solidi, kile ambacho boksi lake huandikwa FMJ au Solid, kimefunikwa chuma mbele na hakitanuki. Kitampita nguruwe na kuacha tundu jembamba, kisha kiendelee na safari yake, na huko mbele kunaweza kuwa na mtu anapalilia. Kwa nguruwe tunataka softi, herufi SP, ambacho madini yake laini ya risasi yameachwa wazi nchani ili kitanuke kikigusa nyama, mpaka karibu mara mbili ya kipenyo chake. Lakini softi nazo zinatofautiana. Kilicho chepesi na cha kasi kubwa, kikigonga bega kwa mita 30, kinakuwa bado na mwendo wake wote na kinavunjika vipande juu juu. Unaona jeraha la kutisha kwenye ngozi, kumbe mapafu ni mazima. Kilicho kizito kwa kaliba yake, chenye mwendo wa wastani, kinatanuka taratibu na kubaki kimeshikana. Vichwa ambavyo madini hayo yameunganishwa na koti la nje la kichwa, na vile vya shaba tupu, ni bora zaidi, ila bei yake iko juu na havipatikani kila mahali. Softi ya kawaida yenye uzito wa kutosha inamaliza kazi hii.

Uzito umeandikwa kwenye boksi kwa greni, herufi gr. Zidisha kwa 0.065 upate gramu. Greni 180 ni gramu 11.7.

Kaliba, basi. Ile .22 ndogo ya kanga na sungura ina kichwa cha gramu 2.6 na nguvu isiyofika jouli 200. Kumpigia nguruwe ni kumtesa. .223 ya greni 55 inakwenda karibu mita 990 kwa sekunde, na kwa umbali wetu ndiyo hasa ile inayovunjikia begani. .243 ya greni 100 naiona ndiyo mwisho wa chini, tena kwa nguruwe aliyesimama ubavu tu na mpigaji mtulivu.

Kuanzia 7x57, muundo wa Mauser wa mwaka 1892, tunaingia mahali penyewe. Bunduki za zamani za kaliba hii bado zipo, zinapiga bila kumuumiza mtu bega, na kichwa chake cha greni 140 hadi 175 kinapenya vizuri. .270 ni nzuri pia, lakini mwache muuzaji na greni 130 zake zinazokimbia mita 930 kwa sekunde, omba 150. .308 ya mwaka 1952, kwa greni 180, inatoka mtutuni kwa takriban mita 800 kwa sekunde na jouli 3,700. .30-06 ya mwaka 1906 inakirusha kichwa cha uzito huo huo kwa mwendo uliozidi kama mita 25 tu kwa sekunde, na kwa mita 50 nguruwe hatafia tofauti hiyo. Chukua ile ambayo risasi zake unaweza kuzipata mwaka mzima. Mimi ningechukua .308 ya greni 180, au 165 ikikosekana.

Wenye .375 msiuze bunduki zenu. Kaliba hiyo ya mwaka 1912 ndiyo inayotakiwa kwa nyati, na ukiwa sehemu yenye nyati unaitaka mkononi. Kwa nguruwe inatosha na kusaza, lakini inasukuma bega karibu mara mbili ya .308. Mtu anaanza kufumba macho kabla ya kubana triga, na risasi inakwenda tumboni.

Kichaka nacho kinasingiziwa sana. Hakuna kichwa kinachokata matawi na kwenda sawa, kizito au chepesi. Kijiti chembamba kama kidole kinatosha kukipotosha. Subiri uwazi.

Shotigani, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi vijijini: risasi ya donge moja, gramu 28 kwa bomba 12 (kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani, namba ikiwa kubwa mtutu ni mwembamba zaidi), ni silaha ya kweli ya nguruwe mpaka mita 50, ukishajua mtutu wako unaipeleka wapi. Marisaa makubwa, mita 20 hadi 25 basi. Marisaa ya ndege hapana kabisa. Na hili nawaomba mlichukue kwa uzito wote: risasi ya bomba 20 ikiingia kwenye bunduki ya bomba 12 inateleza na kukwama mbele ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ukiangalia chemba unaiona tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unapiga, mtutu unapasuka kwenye vidole vyako. Ndiyo maana za 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano. Zisikae mfuko mmoja na za 12. Vivyo hivyo kwa raifoli, soma maandishi ya kitako cha ganda kabla ya kupakia: ganda la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 lina 63, na la kwanza linaweza kuingia kwenye chemba ya pili likiwa halishikwi vizuri.

Hewa yetu ya chumvi inaharibu risasi. Mkanda wa ngozi wenye vifuko unapendeza, lakini dawa za kulainishia ngozi zinazalisha kutu ya kijani kwenye shaba. Ziweke kwenye boksi lake, ndani ya kopo linalofunga. Usizipake mafuta, yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki. Usiziache mbele ya kioo cha gari juani, kwani baruti iliyopashwa moto inapandisha shinikizo.

Pima bunduki yako kwa boksi lile lile utakalowindia. Ikiwa na darubini na umeiweka sawa kwa mita 100, .308 itapiga chini kidogo, kama sentimita 2, kwa mita 25, na itakuwa karibu sawa kabisa kwa 50. Hiyo inatosha kwa kila nafasi mtakayoipata huku.

Ukishapiga, pakia tena bila kuondoa macho, weka alama pale aliposimama, na usubiri dakika 15 hadi 20 kabla ya kuingia kichakani, kwa sababu nguruwe aliyejeruhiwa hurudi kwa meno. Utumbo na damu visipelekwe karibu na mabanda ya nguruwe wa kufugwa. Wanyama hawa hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua. Ukikikuta kichwa kimebaki chini ya ngozi ya upande wa pili, kisafishe ukipime, mizani ya sonara inatosha. Kama kilikuwa na gramu 11.7 na kimebaki na 8 au 9, endelea na boksi hilo. Kikibaki na 4, hicho ni cha kasi mno au laini mno kwa umbali wenu, tafuta kizito zaidi.

Karibuni maswali.