Jinsi ya kutambua komiki za Marvel za senti 30 na senti 35 (1976–1977)

Karibuni. Hapa mezani tuna nakala mbili za Star Wars namba 1 ya Marvel, jalada la Julai 1977. Zitazame kwanza kabla hatujasema neno. Picha ni ileile, rangi ni zilezile, na ukifungua ndani hadithi haipishani hata nukta. Sasa angalia kona ya juu kushoto, kwenye kisanduku cha bei. Hii ya kulia imeandikwa 30¢. Hii ya kushoto imeandikwa 35¢. Ya senti 30 utaipata leo hii ukiitaka, kwa sababu zilichapwa kwa wingi mno. Ya senti 35 watu wanaisaka miaka nenda miaka rudi, na kwa kuwa tofauti yenyewe ni tarakimu moja, ndiyo inayoghushiwa kuliko zote.

Zilitoka wapi? Mwaka 1976 komiki ya kawaida ya Marvel iliuzwa senti 25, na kampuni ilitaka kupandisha bei. Haikupandisha nchi nzima kwa mkupuo. Ilipeleka nakala za senti 30 katika masoko machache ya Marekani, ione kama wanunuzi watakimbia au watavumilia. Wakavumilia, bei ikapanda kote. Mwaka uliofuata mchezo ukarudiwa, safari hii kutoka senti 30 kwenda 35. Bei kwenye jalada huchapwa kwa wino mweusi, kwa hiyo kilichotakiwa kubadilika ni bamba moja la wino huo. Kurasa za ndani hazikuguswa. Ndiyo maana nakala hizi zilikaa kwenye maboksi ya watu takriban miaka 20 bila kushtukiwa, hadi makala za Jon McClure, mkusanyaji na mwandishi wa mambo ya komiki, za mwaka 1997 zilipowaamsha wakusanyaji.

Vifaa ni vichache. Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya sonara. Tochi ya kawaida yenye mwanga mkali. Tochi ya kukagulia noti bandia, ile yenye mwanga wa zambarau. Taulo safi jeupe la kutandika mezani. Mikono osha kwa sabuni na ukaushe kabisa. Glavu za kitambaa hatuzipendekezi: zinakunyima hisia za vidole, na ukurasa wa karatasi ya gazeti yenye umri wa karibu miaka 50 huchanika kabla hujajua umeushika vibaya.

Hatua ya kwanza: soma mwezi, halafu bei. Usianze na picha ya shujaa.

Za senti 30 zina mwezi wa jalada kuanzia Aprili hadi Agosti 1976. Za senti 35 ni kuanzia Juni hadi Oktoba 1977. Basi. Nje ya miezi hiyo kumi hakuna nakala ya majaribio. Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela: komiki ya Septemba 1976 yenye 30¢ ni ya kawaida kabisa, maana bei mpya ilishaenea nchi nzima. Vivyo hivyo ya Novemba 1977 yenye 35¢. Muuzaji ataandika kwa herufi kubwa "SENTI 35, ADIMU", na hasemi uongo kuhusu bei, ila mwezi ndio unaomuumbua.

Kumbuka pia kwamba mwezi wa jalada hauko sawa na mwezi wa kuuzwa. Komiki ilifika kibandani miezi kadhaa kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Star Wars namba 1 ina jalada la Julai, lakini iliingia sokoni Aprili 1977, kabla filamu yenyewe haijaonyeshwa. Kwa kazi yetu tunafuata kilichochapwa kwenye jalada.

Namba chache za kushika kichwani, ili ukipekua boksi mkono usimame wenyewe. Kwa mwaka 1976, senti 30: The Amazing Spider-Man namba 155 hadi 159, X-Men namba 98, 99 na 100, na The Eternals namba 1. Kwa mwaka 1977, senti 35: The Amazing Spider-Man namba 169 hadi 173, X-Men namba 105, 106 na 107, Iron Fist namba 14 na 15, na Star Wars namba 1 hadi 4. Ile Iron Fist namba 14 ndiyo iliyomleta mhalifu Sabretooth kwa mara ya kwanza, kwa hiyo bei yake si ya kitoto. Usizidharau zile za wachunga ng'ombe, Kid Colt Outlaw na Rawhide Kid. Watu wanazipita kwa sababu hakuna shujaa anayeruka angani, na hilo ndilo linalozifanya ziwe ngumu kupatikana zikiwa na hali nzuri: hakuna aliyejali kuzitunza.

Hatua ya pili: umbo la kisanduku cha bei, na mistari ya bakodi. Hatua hii inahusu Star Wars zaidi ya zote, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Star Wars ilipendwa kiasi kwamba Marvel ilichapa tena matoleo ya mwanzo, na machapisho hayo ya marudio nayo yana bei ya senti 35. Yako mengi, na thamani yake haikaribii. Sogeza kamera. Nakala halisi ya majaribio ina bei ndani ya kisanduku cha mraba, na kisanduku cha bakodi chini kushoto kina mistari yake kamili. Sasa hii nyingine: bei ya 35¢ imekaa ndani ya umbo la almasi, na kisanduku cha bakodi ni kitupu. Hiyo ni ya marudio, za aina iliyouzwa kupitia kampuni ya Whitman, tatu tatu ndani ya mfuko wa plastiki. Angalia vilevile kama kuna neno "Reprint" juu ya jalada, kisha fungua ukurasa wa kwanza usome maandishi madogo ya chini, maana nyingine zimewekwa neno hilo ndani tu. Muuzaji akikupa picha ya jalada peke yake, bado hujaona kitu.

Hatua ya tatu: lenzi. Weka lenzi juu ya tarakimu za bei, kisha juu ya picha iliyo jirani. Jalada la miaka ile lina nukta za rangi zilizopangwa kwa safu, kama shanga kwenye uzi. Maandishi meusi hayana nukta. Ni wino mweusi mtupu, kingo zake zimesimama. Ukiona herufi nyeusi zimezungukwa na vumbi la nukta za bluu, nyekundu na njano zilizotawanyika ovyo, hiyo ni kazi ya printa ya nyumbani. Jalada limeskaniwa na kuchapwa upya.

Halafu kuna ujanja wa kalamu. Sifuri ya 30 inageuzwa kuwa 5 kwa kukwangua upande mmoja na kuchora upande wa pili. Chini ya lenzi sehemu iliyokwanguliwa inapoteza mng'ao, nyuzi za karatasi zinasimama kama manyoya. Inamisha jalada mbele ya tochi ya kawaida, mwanga upite kwa ubavu: karatasi iliyokwanguliwa inaonekana bila kuuliza.

Hatua ya nne, na kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii: geuza jalada.

Mghushi aliyekomaa hachori. Anachukua komiki ya bei rahisi yenye 35¢, anakata kipande cha bei, anakibandika juu ya Star Wars ya senti 30. Kwa mbele anaweza kufanya kazi nzuri sana. Lakini ndani ya jalada kuna tangazo. Kama amekata tundu na kupachika kipande kutoka komiki nyingine, tangazo la nyuma yake halitaungana: mstari wa maandishi utakatika katikati, au rangi itaruka. Kama amebandika juu bila kukata, pale patakuwa na unene. Pitisha ncha ya kidole taratibu sana kuelekea kwenye kisanduku, usikwaruze. Kisha shika jalada wazi mbele ya tochi, mwanga utokee nyuma. Mahali palipobandikwa panakuwa peusi zaidi, pembe nne zimenyooka.

Sasa zima taa, washa ile tochi ya zambarau. Usijiulize kama karatasi inang'aa au haing'ai; karatasi za zamani zinatofautiana. Tafuta mahali panapotofautiana na penginepo. Gundi mara nyingi huonekana kama ukungu unaong'aa kuzunguka kipande, na wino ulioongezwa hauitikii mwanga sawa na wa asili.

Hatua ya tano: pini za stepla. Kwa kuwa kurasa za ndani ni zilezile, mtu anaweza kuchukua jalada halisi la senti 35 kutoka komiki iliyooza ndani na kulivisha kurasa safi za komiki ya senti 30. Hapo bei ni halisi, karatasi ni halisi, na bado umeuziwa ndoa ya kulazimisha. Fungua kurasa za katikati. Hesabu matundu: kila pini inaingia kwa matundu mawili, pini mbili, jumla manne. Ukikuta tundu la ziada kwenye mgongo wa jalada lakini halipo kwenye kurasa, jalada limehama. Kutu nayo inasema. Pini ikitoa kutu huacha doa la kahawia kwenye jalada na kwenye kurasa inazozigusa. Doa likiwa kwenye jalada tu, uliza maswali.

Kama unanunua mtandaoni, hatua hizi zote unazifanyia picha za mtu mwingine, kwa hiyo omba picha sahihi. Tano zinatosha: jalada zima la mbele, kisanduku cha bei kwa karibu, sehemu ya ndani ya jalada nyuma ya bei, chini ya ukurasa wa kwanza, na kurasa za katikati zikionyesha pini. Picha ya tatu ndiyo wengi wanayoisahau, na muuzaji anayeikwepa mara mbili, achana naye. Nakala iliyofungwa kwenye kasha la plastiki na CGC, kampuni inayokagua komiki na kuzipa daraja, itakuwa na maelezo ya bei kwenye lebo. Pamoja na hayo, chukua namba ya cheti ulinganishe na kumbukumbu zao mtandaoni, kwa sababu na makasha ya plastiki nayo yanaghushiwa.

Ukishazoea kusoma bei, jicho litaanza kukamata na nyingine. Marvel ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yenye 9d kwenye jalada, yaani peni tisa za Kiingereza, ilichapwa Marekani kwa ajili ya Uingereza. Si chapisho la marudio, ingawa kwa muda mrefu watu waliiita hivyo. Nyingine ziliingia Uingereza na bei ya Kimarekani, zikagongwa muhuri wa wino na msambazaji, kama Thorpe & Porter wa Leicester. Ukikuta muhuri wa 1/-, hiyo ni shilingi moja ya Kiingereza kabla ya mabadiliko ya fedha ya Februari 1971. Alama hiyo ya mkwaju na kistari ndiyo ileile ambayo wenye maduka kwetu wanaiandika mpaka leo.

Aliyeko Toronto au Montreal aangalie komiki za kuanzia Oktoba 1982 zenye 75¢ peke yake pale ambapo ya Marekani ina 60¢. Hizo zilikwenda kwenye vibanda vya magazeti vya Kanada. Zile za maduka ya komiki zina bei za nchi zote mbili pamoja, na uso wa Spider-Man mahali pa bakodi, kwa hiyo hazikuchanganyi. The Amazing Spider-Man namba 238 ya Machi 1983 ni mfano mzuri, ila kabla ya kulipa hakikisha karatasi ya tatuu za kubandika ngozini bado imo ndani. Wenye nazo walikuwa watoto, wengi walizibandika.

Ikishakuwa yako, itunze. Komiki ya miaka ya 1970 ina upana wa karibu sentimita 17 na urefu wa 26. Tumia mfuko wa poliesta, ule mgumu unaolia ukiukunja, na kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Mifuko laini ya kawaida inageuka njano na kunata. Kwa mliopo Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, hata Muscat, adui wa kwanza ni unyevu, na unaanza na pini. Boksi lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Weka vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu ndani ya boksi. Lenga asilimia 45 hadi 50. Ikishuka sana karatasi inakakamaa, ikizidi 60 kwa wiki kadhaa kutu na kuvu vinaanza. Usifungie komiki ndani ya mfuko siku ya mvua, kwani unyevu wa siku hiyo utaufungia humohumo.

Mwisho, kabla hujaingiza kadibodi kwenye mfuko, andika nyuma yake kwa penseli, si kalamu ya wino: jina, namba, mwezi wa jalada, bei iliyochapwa, na tarehe uliyoikagua.