Kabla Hujameza Vidonge vya Nywele

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kufunga saluni mapema. Najua Jumamosi hapa Kirumba ndiyo siku ya hela.

Kopo hili nimepewa na msusi mmoja aliyeko hapa. Ubavuni limeandikwa: bayotini, maikrogramu 10,000. Mtu mzima anahitaji takriban 30 tu kwa siku. Kidonge kimoja, basi, ni mahitaji ya miezi kumi na moja!

Bayotini ni vitamini B7. Inafanya kazi na vimeng'enya vitano: mwili upate kuunda mafuta, kuvunja protini, na kutengeneza sukari ukikaa na njaa. Ikipungua, nywele hukatika kweli, na vipele vya magamba hutokea kuzunguka macho, pua na mdomo. Lakini anayekula vizuri hupungukiwa kwa nadra sana. Kipande cha ini la ng'ombe cha gramu 85 kinamaliza mahitaji ya siku. Yai lililoiva lina kama maikrogramu 10. Nasema lililoiva kwa sababu ute mbichi una avidini, inayoishika bayotini isifyonzwe.

Dada akija nywele zimeisha pembeni ya paji, tazameni kwanza msuko unavyobana. Muulizeni kama amejifungua karibuni, kama ana upungufu wa damu.

Mimi ni mtu wa maabara, na hili ndilo lililonileta. Mashine zetu nyingi hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo. Damu ikijaa bayotini ya vidonge, inawahi nafasi za kunasia, na jibu linakuwa si la kweli. Nilimpima mama mmoja, majibu yakaonyesha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Karibu aanzishiwe dawa. Nikamuuliza anameza nini, akatoa kopo kama hili mkobani. Aliacha kwa siku kadhaa, tukarudia kipimo: tezi nzima kabisa.

Kwa moyo ni hatari zaidi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari na kutaja mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo cha troponini kuonyesha kiwango cha chini kisicho cha kweli. Troponini ndiyo inayotuambia moyo umeumia.

Mama pale nyuma anauliza, aliyekwisha kumeza afanyeje? Ukienda kupimwa, nenda na kopo lenyewe. Liweke mezani kabla hujanyoosha mkono utolewe damu.