Karafuu Inanuka Plastiki

KHAMIS: Asalaam alaykum, ni sisi wale wale, kutoka Chake Chake. Leo Mwanaisha kaja na karatasi, ana mambo matatu ya kuwaambia wazazi. Mie miaka yote sijamwona na karatasi.

MWANAISHA: Nimeiandika kwa hasira. Jumanne nimeitwa skuli, naambiwa kitinda mimba wangu mvivu. Akishapanda ngazi tu, kichwa juu ya dawati.

KHAMIS: Yule aliyetuzimia mashine Ramadhani? Mvivu yule?

MWANAISHA: Huyo huyo. Ile korona ilipoingia nyumbani sote tulipona kwa wiki, yeye bado anaumwa, huu ni mwezi wa saba sasa. Ndiyo hiyo korona ya muda mrefu. Leo akicheza mpira dakika kumi, kesho na keshokutwa hanyanyui hata kijiko. Daktari kapima damu mpaka basi. Shirika la Afya Duniani limeshawaandikia watoto maelezo yao ya korona hiyo tokea 2023: dalili zianze ndani ya miezi mitatu ya maradhi, zidumu si chini ya miwili. Namweleza mwalimu, ananiuliza, "Korona si ilikwisha?"

KHAMIS: Na ile pua yake, korona iliyoiharibu?

MWANAISHA: Bibi yake kaanika karafuu uani, majamvi matatu. Mtoto kasimama mlangoni kaziba pua: "Mama, nani anachoma plastiki?"

KHAMIS: Mpemba! Karafuu! Huyo mleteni kwetu Unguja.

MWANAISHA: Cheka tu. Dawa yenyewe ndiyo hiyo karafuu. Kuna watafiti wa Dresden, Ujerumani, walitoa utafiti wao 2009: unanusa harufu nne, waridi, mkalitusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, wiki 12.

KHAMIS: Mjerumani anatufundisha sisi kunusa karafuu?

MWANAISHA: Na kwao huja kwenye kichupa.

KHAMIS: Basi bibi yake anadai pesa zake! Majamvi matatu ni hospitali nzima. Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nayo yanatibu, au ni ya mafua tu?

MWANAISHA: Khamis, karatasi yangu.

KHAMIS: Ngoja. Hizo chembe za karafuu nikizitia mfukoni nikapanda nazo boti, Shirika la Biashara, wale wa serikali wanaonunua karafuu, wakinikamata niseme ni dawa ya mtoto?

MWANAISHA: Sema ni za Dresden. Sasa sikiliza. Mwanangu asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani, jioni amekwisha. Mwenyewe kaniomba: "Mama, Jumatatu na Jumanne chuo nipumzike." Nimemkubalia.

KHAMIS: Hapo umekosea, dada yangu.

MWANAISHA: Kwa nini?

KHAMIS: Miaka kumi na moja! Ukimuuliza mtoto apumzike wapi, atakwambia kote. Punguza skuli, Mwanaisha. Chuo akishakiacha harudi.

MWANAISHA: Hajakiacha. Na skuli nikipunguza, mtihani atafanya nani, wewe? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, jambo linalomhusu asikilizwe. Cha 31, ana haki ya kupumzika. Tanzania imeuridhia 1991, na Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011.

KHAMIS: Asikilizwe, sawa. Kusikilizwa si kukata shauri. Hicho hicho kifungu kinasema maoni yake yapimwe kwa umri wake.

MWANAISHA: Nimeyapima. Mie ndiye ninayemvua viatu kwa sababu hawezi kuinama.

KHAMIS: Sikatai kuwa anaumwa.

MWANAISHA: Unakataa kuwa anajua anavyoumwa.

KHAMIS: Nakataa achague yeye cha kuacha. Ustadhi umemwambia?

MWANAISHA: Nimemwambia. Kanijibu kama wewe.

KHAMIS: Basi tuko wawili.

MWANAISHA: Na mie na mwanangu wawili.

KHAMIS: ...Haya. Alasiri hiyo inaadhiniwa, na mwenye chumba yuko mlangoni. Yale mambo matatu?

MWANAISHA: La kwanza, muombe mwalimu wake...

KHAMIS: Keshashika swichi.

MWANAISHA: Na hizo mfukoni mwako ni nini?

KHAMIS: Dawa.

MWANAISHA: Magendo!