Panchi ya Mvinyo Isiyochujuka Hadi Glasi ya Mwisho

Hamjambo ndugu zangu mlioko nyumbani! Karibuni jikoni. Leo tunatengeneza panchi ya mvinyo na matunda, bakuli moja kubwa la kuweka mezani siku ya sikukuu, kila mgeni ajichotee mwenyewe. Niseme mapema kwamba panchi haipimwi kwa glasi ya kwanza. Ya kwanza, hata ikichanganywa ovyo, itanyweka. Onjeni ile ya saa mbili baadaye, barafu imeshayeyuka, gesi imetoka, matunda yamelegea. Hapo wengi hukuta maji matamu yenye rangi. Kila nitakachofanya leo nakifanya kwa ajili ya glasi hiyo.

Chukueni kalamu. Mvinyo chupa mbili za mililita 750. Juisi ya machungwa mililita 500, ya kukamua, si ya unga. Juisi ya limau au ndimu mililita 120. Sukari gramu 150. Maganda ya malimau matatu na machungwa mawili. Brandi mililita 150 kwa anayetaka. Matunda ya kukata, gramu 800 hivi. Maji ya soda lita moja, ambayo hayaguswi mpaka wageni wamefika. Jumla mnapata lita tatu na kitu, yaani glasi 22 za mililita 150. Kwa wageni 20 hesabuni glasi tatu kwa kila mtu, kwa hiyo mtahitaji vipimo hivi mara tatu. Lakini msichanganye vyote kwa mkupuo! Andaeni misingi mitatu, yaani vyote isipokuwa matunda na maji ya soda, kwenye majagi, iwekeni kwenye friji, bakuli likipungua mnajaza upya.

Sasa mvinyo wenyewe. Kuna wanaosema panchi ni mahali pa kumalizia mvinyo mbaya. Si kweli. Mvinyo ulioanza kunuka siki utanuka siki hata uzungukwe na matunda ya shamba zima. Ila wa bei kubwa nao hauna kazi hapa, maana juisi na sukari zitafunika kile ulicholipia. Tafuteni mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, ambao haujakaa miaka mingi, wenye ladha ya matunda. Mwekundu uwe mwepesi, kama Merlot au Garnacha. Mweupe, Sauvignon Blanc au Pinot Grigio unafaa sana. Epukeni mwekundu mzito uliokaa muda mrefu kwenye mapipa ya mwaloni. Una tanini nyingi, ile inayokausha ulimi kama chai iliyosahauliwa kwenye majani, na ubaridi huzidisha ukali wake. Na msianze na mvinyo mtamu, kwa sababu utamu tunauongeza wenyewe kwa kipimo. Ukishaingia na chupa hautoki.

Tazameni hapa, hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Osheni malimau na machungwa kwa maji ya moto huku mkisugua kwa brashi, kwani matunda mengi ya dukani hupakwa nta. Kwa kisu cha kumenyea viazi, toeni ganda la juu tu, lile lenye rangi. Ule utando mweupe wa chini uacheni kwenye tunda, ni mchungu na uchungu wake hauondoki. Wekeni maganda kwenye bakuli pamoja na sukari yote gramu 150, yapondeponde kwa mwiko mpaka mnusie harufu imepanda, funikeni, acheni saa tatu au nne, hata usiku kucha. Sukari huvuta mafuta ya ganda. Mtakuta imelowa na kung'aa. Mafuta haya ndiyo yanayoipa panchi harufu hata ikishapunguzwa na maji ya barafu. Juisi peke yake haina nguvu hiyo. Mimineni juisi ya limau na ya machungwa humo humo, korogeni mpaka sukari iyeyuke yote, chujeni, tupeni maganda. Kisha mvinyo, kisha brandi. Huo ndio msingi wetu, na unaingia kwenye friji.

Chombo kisiwe cha alumini. Asidi ya ndimu na mvinyo hula alumini na kuacha ladha ya chuma. Kioo, stenlesi, au plastiki ya kuhifadhia chakula, basi.

Matunda yana zamu zake. Tufaha, peasi na nanasi ni magumu, yanaweza kulala kwenye msingi saa nne hadi nane yakanywa mvinyo vizuri. Kateni vipande vya nusu sentimita hadi sentimita moja, vinavyopita kwenye mdomo wa glasi. Mgeni asiwe na kazi ya kupigana na robo ya tufaha. Zabibu zikateni katikati, zikiwa nzima hazinyonyi kitu. Miduara ya machungwa na ndimu iingie saa mbili tu kabla ya kuandaa, maana bado ina ule utando mweupe na ikilala humo hadi kesho panchi yote inakuwa chungu. Stroberi na embe ziingie mwisho kabisa, la sivyo zinakuwa uji. Ndizi msiweke. Inakuwa nyeusi, inalainika, na inachafua kinywaji. Tikiti maji linatoa maji mengi mno, na maji ndiyo tunayopigana nayo. Maziwa au krimu pia hapana, asidi itayagandisha papo hapo.

Viungo, kama mnavitaka, viwe vizima. Kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu sita, iliki nne zilizopasuliwa. Vichemsheni dakika tano kwenye mililita 100 za maji, acheni vipoe, chujeni, ongezeni kwenye msingi. Unga wa viungo hauyeyuki, unatua chini kama matope, na wa mwisho kuchota ndiye anayeunywa. Karafuu zisizidi, zikizidi mtasikia karafuu tu.

Barafu. Hapa ndipo glasi ya mwisho inapookolewa au kupotea. Vipande vidogo vya friji vina uso mkubwa unaogusa kinywaji, kwa hiyo vinayeyuka upesi. Pande moja kubwa huyeyuka polepole. Chukueni bati la keki au kontena la lita moja na nusu, tieni maji ya kuchemshwa yaliyopoa, acheni nafasi ya sentimita mbili juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, gandisheni saa 24. Mkitaka miduara ya machungwa ndani, jazeni nusu, gandisheni, pangeni miduara, kisha mimineni maji baridi juu na kugandisha tena. Mkiweka yote kwa mara moja, miduara yote huelea juu. Kulitoa, chovyeni bati kwenye maji ya uvuguvugu sekunde chache. Maji ya moto yatalipasua pande lenu. Wengine hugandisha juisi badala ya maji. Wazo linavutia, lakini sehemu yenye sukari ndiyo inayoyeyuka kwanza, kwa hiyo panchi inaanza tamu na kuishia maji.

Huku niliko ni baridi, pande kama hili linamaliza jioni nzima. Huko kwenu kwenye joto andaeni mapande mawili, na mjue barafu haikupewa kazi ya kupoza kinywaji cha moto. Kila kitu kiwe kimelala kwenye friji tangu jana: msingi, matunda, soda, hata bakuli. Soda yenye joto inapoteza gesi mara tu inapomiminwa.

Kabla hamjaiweka mezani, onjeni, na muonje kwa haki. Msingi peke yake utakudanganyeni, ni mkali na mtamu kwa makusudi. Chukueni mililita 100 za msingi, ongezeni mililita 40 za maji ya soda na kipande cha barafu, subirini dakika mbili ipoe sawasawa, ndipo muonje. Ubaridi hupunguza utamu mdomoni, kwa hiyo kinachoonekana sawa kikiwa vuguvugu kitakuwa chachu kikipoa. Ni tamu mno? Ongezeni ndimu, kijiko kimoja cha chakula kwa mara. Ni chachu mno? Tieni shira ya sukari na maji nusu kwa nusu. Sukari kavu huyeyuka polepole kwenye baridi, na ikikuta soda imeshaingia, gesi yote hupanda juu kwa povu. Uchungu kidogo unatulizwa na chembe ya chumvi. Uchungu mwingi hautibiki, unapunguzwa tu kwa kuongeza msingi mpya.

Wageni wameketi? Msingi kwenye bakuli, pande la barafu, matunda, kisha maji ya soda yakimiminwa taratibu ukingoni. Korogeni mara moja au mbili kutoka chini, msipige. Kama mnatumia soda tamu badala ya maji ya soda, ile sukari ya mwanzo iwe gramu 50, si 150.

Sasa kuhusu ulevi, nisikilizeni vizuri. Kwa mvinyo wa asilimia 12.5 pamoja na brandi, bakuli hili lina pombe ya asilimia 7 na kidogo, zaidi ya bia nyingi, na utamu unaificha. Bila brandi inashuka karibu asilimia 6. Na yale matunda yamenyonya pombe, mtoto asipewe hata kipande. Wekeni bakuli la pili kwa watoto, wajawazito, wanaoendesha magari na wasiokunywa: badala ya mvinyo na brandi, lita moja ya juisi ya zabibu nyekundu na nusu lita ya chai ya rangi kali iliyopozwa, sukari gramu 50 tu kwa sababu juisi ya zabibu ina sukari nyingi yenyewe. Chai inaleta ule ukavu wa tanini, kwa hiyo haiwi juisi ya kawaida. Mabakuli yawe ya rangi tofauti, kila moja na upawa wake na karatasi iliyoandikwa wazi.

Matunda yaliyokatwa yasikae mezani zaidi ya saa mbili bila ubaridi, pombe kiasi hiki haiyalindi. Barafu ikiisha, bakuli linaondoka. Kinachobaki chujeni, tupeni matunda, fungeni kwenye chupa, wekeni kwenye friji na mkimalize kesho yake kwa maji ya soda mapya.