Tufundishe vile jengo limeishi

Shikamooni wakubwa, na vijana hamjambo. Nimeambiwa niongee kuhusu kufundisha historia ya usanifu wa ndani na pia hii kazi ya kuchukua jengo la zamani ukalipa matumizi mapya. Kwangu hiyo ni mada moja, ila madarasani tumeikata vipande viwili, historia tunaipeleka mwaka wa kwanza kwa slaidi za Roma na Paris, halafu hayo ya kubadilisha majengo yanakuja mwishoni huko kwenye studio, mwanafunzi anapewa godauni anaambiwa haya, ligeuze hoteli. Hapo katikati hakuna aliyemfundisha kukisoma chumba.

Nitakaa na Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, kwa muda, manake kila mtoto aliyesoma Mombasa ashapelekwa pale. Muulize atakwambia Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji Mtaliano anaitwa Cairati. Ni kweli kabisa. Lakini Wareno walitolewa Desemba 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka 3, wakarudi kidogo tu 1728 wakafukuzwa tena, kwa hivyo sehemu kubwa ya maisha ya lile jengo wenyewe ni watu wengine, na hao wengine ndio walioibadilisha ndani. Waomani walikuta vyumba vya askari, wakataka mahali pa kupokea wageni na kuamua kesi, ndio mkaona ule ukumbi wa kina Mazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, wenye mabaraza ya mawe ya kukalia na maandishi ya Kiarabu, na kule juu kwenye buruji ya San Felipe, moja ya zile kona za ngome zilizotokeza nje, kuna nyumba kabisa, nyumba ya mtu na familia, imekaa mahali palipojengwa kwa mizinga. Hebu fikirieni hiyo kidogo. Kuta za nje ni zilezile, adui wa baharini ni yuleyule, ila ndani watu wameanza kukaa kama watu wa mji. Halafu 1895 Waingereza wakaifanya jela, ikawa jela mpaka 1958, miaka 63 jamani, na baada ya hapo ndio pesa zikatoka Gulbenkian Foundation, wakfu wa Ureno, mwanaakiolojia James Kirkman akachimba na kukarabati, ikafunguliwa kama makumbusho.

Sasa hapa ndio ningependa wanafunzi wabishane mpaka kengele ilie. Ili ngome ionekane, majengo mengi ya jela yaliondolewa. Leo ukitembea mle unawaona Wareno, unawaona Waomani, lakini wafungwa wa miaka 63 huwaoni sana. Huo ulikuwa uamuzi wa usanifu wa ndani kama uamuzi mwingine wowote, mtu alikaa akachagua kipindi gani kibaki na kipi kiende, na mimi naamini angalau safu moja ya seli ingeachwa. Unaweza kunikatalia, ni sawa, bora ukatae na mchoro mkononi. Mwambie mwanafunzi achore plani ya jengo hilohilo mara nne kwenye tresing pepa, ile karatasi inayoonyesha kilicho chini yake, ya Wareno, ya Mazrui, ya jela, ya makumbusho, azipange moja juu ya nyingine. Mlango uliozibwa, ukuta uliopandishwa, ngazi iliyohama, hapo ataanza kuuliza kwanini, na hizo kwanini zake ndio historia yenyewe.

Tuvuke Lamu sasa, kwa sababu ngome ina vita na tarehe, lakini nyumba inataka jicho lingine. Nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba umeamuliwa na boriti za mikoko, boriti haivuki mita 3, kwa hivyo vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Unatoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unafika kiwanda, yaani ua wa katikati, halafu misana, vile vyumba virefu vilivyo wazi upande wa uani, halafu ndani, chumba cha faragha, na kila ukisogea unaingia kwa wenye nyumba zaidi, mwisho kabisa ziko zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za plasta ya chokaa, na nyuma yake nyumba ya kati ambako wanawake walijifungulia na maiti akaoshwa. Haya, nyumba hiyo inageuzwa gesti. Mgeni amelipa anataka choo chake chumbani, fundi anapitisha mabomba pale ndani kabisa, na choo kikivuja juu maji yanaingia kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, navyo vinaanza kuoza kimyakimya. Juu ya hilo ukuta unapigwa simenti kwa sababu inaonekana safi, ilhali ukuta wa matumbawe unapumua kwa chokaa, ukiuziba unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, plasta inabanduka. Siwalaumu wenye nyumba hata kidogo, bila gesti nyingi zingekuwa magofu saa hii! Nawalaumu kina sisi tunaofundisha, tunamtoa mtu na digrii hajui kwanini chumba kile kilikuwa cha mwisho.

Mifano ya nje nayo ina kazi yake. Pale London kuna stesheni ya umeme ya Bankside, ilizimwa 1981, ikafunguliwa 2000 ikiitwa Tate Modern, na wasanifu Herzog & de Meuron walichofanya cha maana kuliko vyote ni kuuacha ukumbi wa mitambo na ukubwa wake wote bila kuukatakata maghorofa. Paris nayo stesheni ya treni ya 1900 ikawa makumbusho ya Orsay 1986. Nafundisha zote mbili, ila nazileta baada ya Fort Jesus, maana mwanafunzi aliyeshapima kuta kwa mikono yake huziangalia hizo picha tofauti kabisa, anauliza kilitolewa nini.

Na kuna haraka katika hili. Disemba 25, 2020 sehemu ya Beit el Ajaib pale Zanzibar ilianguka wakati wa ukarabati, mafundi wawili wakafa. Jengo la 1883, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao ni urithi wa dunia tangu 2000. Vyumba ambavyo havijachorwa vikishuka ndio basi.

Mtu ataniambia mwalimu, vitabu vya intiria za kwetu ni vichache. Vichache kweli, na vingi vilitegemea wageni wanaume ambao mara nyingi waliishia msanani. Wanaojua zidaka gani iliwekwa nini, wapi bi harusi alikaa, dirisha gani lilifungwa mwaka gani na kwa ugomvi gani, ni wamama waliokulia mle. Wako hai. Waiteni darasani pamoja na mafundi wa chokaa, wapeni nauli, wapeni kiti cha mbele, na walipwe kiwango kilekile anacholipwa mhadhiri mgeni.