Mgeni wa siku moja na nusu

Hamjambo huko nyumbani? Wakubwa shikamooni. Leo sijatoka kwenda popote, niko kibarazani kwetu hapa Pune, India, ghorofa ya tatu, kumepambazuka sasa hivi na manyunyu hayajakatika tangu usiku. Hizo ngoma mnazozisikia kwa mbali si simu yenu inakoroma, ni vijana wa mtaa wa pili. Nitawafikia.

Ngoja nishushe kamera. Mnaiona hii ndoo? Ndoo ya plastiki, ya buluu, ya kuogea. Ndani kuna maji na tope. Sasa angalieni hapa pembeni, kuna kitu kimechomoza kama kidole kilichojikunja. Huo ni mkonga. Jana jioni alikuwa mzima, ana macho, ana taji, ana kitambi chake. Saa hizi amebaki mkonga na bega moja.

Ndiye Ganesha huyo, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, na siku hizi ni sikukuu yake. Watu wa hapa wanamwita Ganpati, na wakishaanza kumdekea wanamwita Bappa.

Mama yangu aliko Temeke aliona picha nilizoweka juzi, akanitumia ujumbe wa sauti. Namnukuu kama alivyo: "We mtoto, ada nalipa usome, kumbe umeenda kuabudu masanamu?" Mama, shikamoo. Video hii ni yako, hawa wengine wanasikilizia tu.

Kwanza, sijaabudu. Bado ni mtoto wa mzee wa kanisa, na Jumapili naenda. Ila naishi kwenye nyumba ya watu. Mwenye nyumba ni mama wa makamo aliyekuwa anafundisha hesabu shuleni, namwita Kaku, ndivyo Wamarathi, watu wa huku, wanavyomwita mke wa baba mdogo au wa baba mkubwa. Kaku akiwa na mgeni, na mimi nina mgeni. Na huyu aliyemo ndooni alikuja kama mgeni, mama. Hilo ndilo nililokuwa silielewi mwaka wa kwanza na wa pili.

Jumanne jioni tulikwenda kumchukua, mimi, Kaku na mpwa wake. Urefu wake rula moja, udongo mtupu, huu mweupe-mweupe wanaouita shadu, unaoletwa kutoka Gujarat. Mpwa akampakata kifuani kama mtoto mchanga, mimi nikashika mwavuli. Usoni alikuwa amefunikwa kitambaa. Mimi na simu yangu, nikataka niwachukulieni picha nzuri, nikanyoosha mkono nifunue. Kaku alinipiga kofi la mkono pale pale barabarani, mbele ya muuza ndizi. Eti mgeni hajafika nyumbani, unamfunua uso njiani?

Tulipofika mlangoni hatukuingia. Kaku alitutangulia ndani, akarudi na chombo cha maji akamwosha miguu yule mpwa aliyembeba, akamzungushia kipande cha mkate kichwani kuondoa husuda, akakitupa nje. Ndipo akasema karibu. Mama, bibi si alikuwa na mambo kama haya haya?

Basi mpaka hapo bado ni udongo. Hili nimeulizwa sana na nyinyi, kama watu hawa wanaamini kwamba udongo ni Mungu. Nilimuuliza Kaku, akanijibu kimwalimu, kama anafundisha hesabu: leo usiku huo ni udongo, usimsujudie. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 27 Agosti 2025, akaja guruji, ndiye kiongozi wao wa ibada. Siku hiyo guruji mmoja ana nyumba nyingi, wetu aliingia kwa kasi ya daladala inayowahi kituo. Akakaa, akatulia ghafla, akachukua majani ya ukoka, akayagusisha kifuani pa sanamu huku akisoma mantra, maneno yao matakatifu. Wanaita *prana pratishtha*, kumkaribisha uhai akae. Kuanzia hapo watu wote sebuleni walibadilika. Hakuna anayempa mgongo. Hakuna anayeacha nyumba tupu. Kaku alipokwenda sokoni alinigeukia akasema, "Usimwache peke yake." Nikakaa naye, mimi na kitabu changu cha uhasibu.

Na ukoka nilioutaja ni huu huu wa kwetu, wa kwenye bustani na viwanja vya mpira. Wanamfungia vishada vya majani 21. Na ua lake ni lile jekundu lenye ulimi mrefu, ambalo kwetu watu wanapanda kama uzio. Mungu mkubwa kiasi hiki, na anaridhika na majani ya uwanjani! Hapo alinipata.

Kuhusu kichwa. Hadithi wanayoisimulia watoto wote hapa ni kwamba Parvati, mke wa mungu Shiva, alikuwa anaoga, akataka mlinzi wa mlangoni. Akachukua manjano aliyojisugulia mwilini, akamfinyanga mtoto, akampa uhai. Shiva anarudi nyumbani, anakuta kijana asiyemjua amemzuia kuingia kwake mwenyewe. Wakapigana, akamkata kichwa. Mama mtu akatoka, akalia kilio cha kutaka kubomoa dunia. Shiva akatuma watu walete kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta, wakamkuta tembo. Mimi nilimwambia Kaku, samahani, baba gani huyu? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndiyo maana sasa mtoto anaombwa kabla ya baba. Ni kweli, ibada yoyote, harusi, duka jipya, hata mcheza ngoma za jukwaani, huanza na Ganesha, kwa sababu ndiye mwenye kuondoa vikwazo mlangoni. Aliuawa mlangoni, akapewa mlango. Hilo la mwisho nimeliongezea mimi, msimsingizie Kaku.

Ukimwangalia kwa karibu, pembe yake moja imekatika. Wanasema aliivunja mwenyewe akaitumia kuandikia, wakati mzee Vyasa akimsomea Mahabharata, utenzi wao mrefu wa kale, kalamu ilipokwisha nguvu. Kipanya miguuni ndicho kipando chake. Tembo juu ya panya! Mkononi ana ndoano ya kuongozea tembo, ana kitanzi, mkono mmoja unabariki, na mkono mwingine una kitu cha kula. Sasa twende jikoni.

Hicho cha kula kinaitwa modak, na mimi hapa nimekuwa fundi. Unga wa mchele unausonga kwa maji ya moto na samli kidogo, kama ugali laini, unaukanda ungali unaunguza vidole. Ndani ni nazi ya kukuna na sukari guru, na iliki. Kaku alikuwa anahangaika kunieleza nazi inavyokunwa, akatoa kifaa chake cha kukalia chini chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mama, ni mbuzi! Mbuzi ya nazi, pacha wa ile yetu, ameachana nayo baharini tu. Nikakaa nikakuna nazi mbili bila kuinua kichwa, shangazi zake Kaku wakaita majirani waje kuona Mwafrika anavyokuna nazi.

Kazi iko kwenye kufunga. Unatandaza donge kiganjani, unaliminya pembezoni mikunjo mikunjo kama sketi ya marinda, unaweka nazi katikati, unakusanya marinda yote juu mpaka yawe ncha moja. Halafu mvuke, dakika kumi na kitu. Zinatakiwa 21. Za kwangu tatu zilipasuka, zikaliwa na jikoni.

Kuna aliyeandika chini ya video iliyopita kwamba kwenye kizingiti cha Kaku kuna alama ya Hitler. Nimeona, na sijakasirika, maana na mimi siku ya kwanza nilisita kuivuka. Ile ni swastika, neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, lenye maana ya heri, ustawi. Ilikuwepo kwenye milango ya watu hawa tangu zamani za zamani, Wajaini wanayo, Wabudha wanayo. Wanazi waliichukua mwaka 1920 wakaipaka nyeusi, wakaiinamisha. Ya Kaku imesimama wima, nyekundu, ina nukta nne katikati ya mikono, na anaichora kwa unga kila asubuhi ya sikukuu, ikifika jioni imekanyagwa na wageni. Kesho anachora nyingine. Wizi wa Wanazi nadhani tusimlipize Kaku.

Halafu picha. Mama, unakumbuka ulivyokuwa unanipeleka Uhindini kununua vitambaa vya kushonea? Kwenye lile duka la kona, juu ya droo ya hela, kulikuwa na kalenda ya mwanamke amesimama juu ya yungiyungi, sarafu zinamwagika kiganjani, na kijiti cha udi kinafuka mbele yake. Nilidhani ni mama wa mwenye duka enzi za usichana wake. Ile mikono minne nikasema labda mpiga picha alikosea. Kumbe ni Lakshmi, mwenye bahati na mali, ndiyo maana anakaa karibu na droo.

Na picha za namna ile zina asili yake karibu na hapa ninapokaa. Kulikuwa na mchoraji, Raja Ravi Varma, mtu wa Kerala, aliyejifunza rangi za mafuta za Kizungu akawachora miungu wakiwa na nyama na damu, wamevaa sari. Mwaka 1894 akafungua kiwanda cha kuchapa picha Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, baadaye kikahamia Malavli, kwenye reli ya kutoka huku kwenda Mumbai. Karatasi ya bei rahisi, rangi kali. Fikiria enzi hizo, kuna watu waliozaliwa tabaka la chini wasioruhusiwa hata kukanyaga hekaluni. Ghafla mungu anauzwa sokoni kwa senti, unambandika ukutani kwako na hakuna wa kukufukuza. Watu wa sanaa hapa wengine wanazibeza zile kalenda, wanasema ni rangi rangi tu. Mimi siwezi kuzibeza. Zilivuka bahari zikafika mpaka kwa mama yangu aliyekuwa anatafuta yadi mbili za popilini.

Haya, ngoma zimekaribia, ngoja nigeuze. Mnawaona pale chini? Wale wenye magoma makubwa kiunoni, hiyo ni *dhol*. Vile vidogo vinavyolia kama mvua ya mawe juu ya bati ni *tasha*. Wasichana wako wengi kuliko wavulana, angalieni. Wamefanya mazoezi tangu mvua zilipoanza, chini ya madaraja ya mto Mutha, usingizi hakuna. Ukikaa karibu, kifua kinatetemeka. Kwa watu wa Dar, hii ni mdundiko. Mnakumbuka tulivyokuwa tunaufuata mdundiko mpaka tunapotelea Mtoni, tunarudishwa na watu tusiowajua?

Haya ya barabarani si ya kale sana. Zamani Ganpati alikuwa wa ndani ya nyumba na wa majumba ya watawala. Vitabu vinampa Tilak, mpigania uhuru wa India, sifa ya kumtoa nje mwaka 1893, maana Mwingereza alikuwa mkali kwa mikutano ya siasa, lakini sikukuu ya dini nani ataizuia? Ila ukisema hivyo mbele ya watu wa kundi la Bhausaheb Rangari utakosa chai, wao wanasema walianza 1892. Na kuna kundi la Guruji Talim, mmoja kati ya Ganpati watano wa heshima wa mji huu, lililoanzishwa na Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Hao watano ndio wanaotangulia siku ya mwisho, na maandamano hayo mara nyingi yanapita saa 24. Mwaka huu ni Septemba 6. Nitawarekodia, nikipona miguu.

Ila wa Kaku hakai mpaka huko. Kila familia ina desturi yake, wengine siku tano, wengine saba, wengine kumi. Huku kwetu ni siku moja na nusu. Sisi Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata hizo mbili hazifikishi. Nilimtafsiria Kaku methali hiyo, akaiandika kwenye daftari.

Jana jioni wakamwimbia mara ya mwisho, wakamwekea mtindi kiganjani, chakula cha njiani. Kisha Kaku akamshika kwa mikono miwili akamsogeza. Kidogo tu, upana wa vidole viwili, kama unavyomgusa mtu bega ukamwambia muda umefika. Guruji alituelekeza hivyo: ukishamsogeza, mgeni ameondoka, umebaki udongo. Wakaitikia wote, "Ganpati Bappa Morya, pudhchya varshi lavkar ya," mwakani uje mapema. Kaku sauti ilimkatika kwenye "mapema". Akamshusha ndooni polepole, miguu kwanza.

Zamani walimpeleka mtoni. Siku hizi sanamu nyingi ni za plasta, ile ile anayofungwa mtu akivunjika mguu, nyepesi, rahisi, haziyeyuki, unakuta mto umejaa mikono na vichwa. Manispaa inaweka matangi, na inagawa kemikali, amoniamu baikaboneti, ya kuyeyushia plasta nyumbani, njia iliyotoka kwenye maabara ya taifa ya kemia iliyopo hapa hapa Pune. Kaku hataki hata kuisikia. Anataka udongo.

Eh, huyo anakuja. Kaku, say hello to my mama. Amekataa, hajachana nywele. Ngoja nimsaidie kuinua, ni nzito hii. Mkonga umeshakwenda, mnaona? Tunamwaga kwenye hiki chungu cha tulsi, ni kama mrehani wetu ila harufu yake kali zaidi. Taratibu, taratibu, tope lisimwagike kwa jirani wa chini. Mama, modak zimebaki mbili kwenye friji, na Kaku ameuliza zinafikaje Temeke.